Pazia Mbele ya Ukuta Mbovu

Majirani zangu, vuteni viti. Leo sisemi habari za mbali, nasema za nyumba iliyo kama yangu na yako. Atakayehisi nimemtaja asinune hapa. Acheke kwanza na wenzake, halafu akanune nyumbani kwake.

Palikuwa na mwanamke mshona mapazia, na mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkasi mwepesi. Nyuma ya nyumba yao walikuwa na kinyumba cha uani, wamekipangisha kwa mkunga mmoja wa makamo, mjane, mcheshi kweli kweli. Kodi alilipa vizuri, lakini si hiyo iliyomfanya Mama Mapazia ampende. Wale walikuwa mashoga, marafiki wa chanda na pete. Jumamosi asubuhi walikaa kwenye ngazi ya uani, mmoja akipinda pindo la pazia, mwingine akimwaga visa vya wodi ya wazazi, hasa vya akina baba waliozimia kabla mama mwenyewe hajapiga kelele hata moja. Chai ilipoa vikombeni kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuinywa kwa kicheko. Kinyozi, akiwa barazani na kichwa cha mteja mkononi, alizoea kusema kwamba hao wawili wakianza yeye huweka wembe chini, asije akamkata mtu sikio.

Basi siku moja mpwa wake Mama Mapazia alikuja kumsalimia, akamwekea kwenye simu programu ya wenye nyumba za kupangisha. Unapita chumba kwa chumba, unapiga picha kila kitu, mlango, kitasa, sinki, taa, na unaandika hali yake: nzuri, wastani au mbovu. Mpangaji anasoma, akiridhika anabonyeza "Nakubali" na kutia sahihi kwa kidole. Siku ya ukaguzi, picha mpya inakaa kando ya ile ya zamani, na palipobadilika panatiwa alama nyekundu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kitu kile ni kizuri. Kimewaondolea wengi ule ugomvi wa "nilikukabidhi kizima" na "hukunikabidhi kizima." Ubaya hauko kwenye simu. Subirini mwone ulipo.

Mama Mapazia aliipenda programu ile kupita kiasi. Akaanza kujifunzia nyumbani kwake mwenyewe. Kabati, wastani. Jiko, nzuri. Akamgeukia mumewe aliyekuwa amesinzia kwenye kochi, akampiga picha na kuandika: imechakaa, bado inafanya kazi. Kinyozi alipoonyeshwa alicheka mpaka machozi, akadai aruhusiwe kutia sahihi mwenyewe.

Siku ya kuandika kinyumba cha uani, mkunga alikuwa kazini. Angengojwa arudi, wangepita wote wawili, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini mshona mapazia ni mshona mapazia, alitaka picha zipendeze. Alikuwa na mapazia ya mteja mmoja, ya kitambaa kizito chenye maua, yanangoja kuchukuliwa. Akayabeba akayatundika kila chumba. Sasa chumbani kwa mkunga, kwenye ukuta wa upande wa kitanda, palikuwa na doa la unyevu linaloshuka kutoka juu. Mkunga alishalitaja, naye akajibu kwamba atamleta fundi, na ninyi mnamjua fundi wa "nitamleta." Mama Mapazia akaona aibu kuipiga picha aibu yake. Akalifunika doa kwa pazia, akapiga picha, akaandika: ukuta, nzuri.

Mapazia yalikaa pale wiki nzima ya mvua, maana kila siku alikumbuka picha nyingine ya kupiga. Mkunga aliyafurahia, akasema analala kama bibi harusi. Jioni moja alirudi hoi kutoka kazini, mapacha walikuwa wamemtoa jasho tangu alfajiri. Mama Mapazia akamnyooshea simu, akamwambia aweke kidole hapo. Akaweka kidole, hakusoma hata neno. Kesho yake mteja akaja kuchukua mapazia yake, akaenda kuyakunja kabatini akingoja nyumba yake iishe kujengwa.

Miezi ikapita. Simu ikalia kukumbusha ukaguzi. Mama Mapazia akaingia kwa mkunga na simu yake mbele, akapiga picha, na chumbani alama nyekundu ikatokea: uharibifu mpya, ukuta. Doa lilikuwa limekuwa kubwa, na ukungu mweusi umelizunguka. Jamani, badala ya kutazama ukuta, yule mama akatazama simu. Akaanza kusema kwamba bila shaka mkunga anaanika sare mbichi ndani, ndiyo maana.

Mkunga akadhani ni utani. Alipoona si utani, akaweka miwani, akaitazama ile picha ya zamani.

"Shoga, hii ni picha ya pazia. Ukuta uko nyuma yake."

"Imeandikwa ukuta, nzuri," akajibu Mama Mapazia. "Na sahihi ni yako."

Jamani, moyoni Mama Mapazia alijua. Lakini mtu akishashika ushahidi mkononi, aibu humfanya aukaze zaidi. Mkunga hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mwezi ukiisha atahama, kwa sababu nyumba mbovu angeivumilia, ila kuitwa mharibifu na mtu anayekunywa naye chai, hilo lilimshinda.

Uani pakawa kimya. Jumamosi ikaja, Mama Mapazia akakaa kwenye ngazi peke yake, chai yake ikiwa ya moto mpaka tone la mwisho, na haikuwa na ladha. Alimpenda yule mwanamke kuliko ndugu zake wengine wa damu, na sasa alimsikia kupitia dirishani akifunga vyombo kwenye maboksi. Kinyozi alijaribu mzaha mmoja, ukagonga mwamba. Mwishowe akamwambia mkewe kwa upole kwamba mpangaji mwingine wanaweza kumpata kesho, lakini shoga hapangishwi.

Mungu naye ana njia zake. Wiki hiyo hiyo yule mteja wa mapazia, ambaye nyumba yake ilikuwa imeisha, alifika na pazia moja begani, amevimba kwa hasira. Akalitandaza mezani, upande wa nyuma ukiwa juu. Mgongoni mwake lilikuwa na madoa ya ukungu, yameshuka kutoka juu hadi katikati, sura ile ile ya doa la chumbani kwa mkunga.

"Mama, hili ulilishonea dukani au pangoni?" akauliza mteja.

Mama Mapazia akalitazama pazia, akakaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. Akamwomba mteja radhi, akamwahidi pazia jipya, kisha akalichukua lile bovu na simu yake, akavuka uani.

Mkunga alikuwa amepiga magoti, anafunga boksi la masufuria.

"Shoga," akasema. "Ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani. Niliufunika kwa mkono wangu, kisha nikakusingizia kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Mkunga akalishika pazia, akaligeuza huku na huku. Kisha akakubali kwamba naye ana lake: kila siku anawaonya akina mama wasitie sahihi wasichokisoma, na yeye alitia kidole kama mtu anayepangusa vumbi. Akasimama, akajifuta mikono.

"Washa hiyo simu yako. Leo tunapita wote wawili."

Wakapita. Mmoja akipiga picha, mwingine akisoma kwa sauti. Mlango, wastani. Sinki, wastani, bomba linalia. Mpaka wanafika chumbani walikuwa washaanza kutaniana. Pale ukutani wakaandika mbovu, na chini yake sababu: paa la mwenye nyumba. Ndipo mkunga akalifuata lile doa kwa macho, juu, juu zaidi, mpaka kwenye dari, mahali ambapo simu haikuwahi kuelekezwa hata siku moja. Ubao wa dari juu ya kitanda ulikuwa umevimba na kulegea.

Mkunga akauangalia kwa jicho la kazi. "Huu ni wa miezi tisa kamili," akasema. "Muda wowote unajifungua."

Hawakucheka sana. Walimwita kinyozi, wakakivuta kitanda watatu, haraka haraka, godoro likikwama mlangoni na kinyozi akilisukuma kwa bega. Walikuwa ndio kwanza wametoka na godoro pale ubao ulipokatika, ukashuka na maji na matope, ukatua mahali mto wa kulalia ulipokuwa.

Mama Mapazia akamkumbatia shoga yake, akalia kama mtoto, akirudia kwamba angemuua, angemuua kwa picha nzuri. Mkunga alimpigapiga mgongoni kama anavyowafanyia wale wa wodini. Alipoona kilio hakina mwisho, akamnong'oneza:

"Andika kwenye ripoti: amejifungua salama, mama anaendelea vizuri."

Kicheko kilichotoka hapo kilimtoa mteja wa kinyozi barazani na povu la sabuni shavuni. Fundi akaja, safari hii kweli, akatengeneza paa na dari. Mkunga akalala nyumba kubwa mpaka kazi ilipoisha, kisha akafungua maboksi yake, na hakuhama.

FUNZO

Ndugu zangu, wenye nyumba na wapangaji, programu hizo zitumieni, ni msaada mkubwa. Lakini simu huona pale tu unapoielekezea, na huamini chochote unachoiandikia. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike na watu wawili, siku moja, ndani ya chumba kimoja, macho yakipanda mpaka darini. Mwenye nyumba, ubovu wako uandike wewe mwenyewe kabla hujautafuta kwa mwenzio. Mpangaji, soma kabla ya kuweka kidole, hata kama unayemwekea ni shoga yako, tena hasa kama ni shoga yako. Ukuta unaoufunika leo ili picha ipendeze, kuna mtu analala chini yake.