Fungu la Iutita

Kila asubuhi kisiwani Atafu, katikati ya bahari kuu, Iutita alilisha nguruwe wa mama yake, akafagia changarawe mbele ya nyumba, kisha akaenda shule na mdogo wake Sakaio. Wanaume walipoleta samaki wa kijiji kizima, yeye ndiye aliyetumwa pwani na pakacha kuchukua fungu la nyumbani. Samaki wa mgawo hawauzwi. Hupangwa mchangani mafungu mafungu, na kila mtu huhesabiwa, hata mtoto aliyezaliwa jana.

Alipofikisha miaka kumi na mitatu, Iutita akaanza kujitenga. Hakugombana na mtu wala hakufiwa. Chakula kilikosa ladha tu, mwili ukawa mzito, na kelele za wenzake wakicheza kriketi zikamchosha. Shule akaacha kwenda. Akawa analala ameuelekea ukuta, akiwaza kwamba yeye ni mzigo, na kwamba akitoweka hakuna atakayegundua.

Kijiji hakikukosa matabibu wasiosomea chochote. Jirani yao Kelesia, ambaye mchana kutwa alisuka mkeka usiokwisha huku ulimi ukisuka kwa kasi zaidi, alisema ni uvivu. Mumewe, ambaye kwa kulala hakuwa na mpinzani, akakubaliana naye. Wengine wakasema ni kiburi, eti msichana anangoja kupelekwa Niuzilandi kwa shangazi yake. Watoto nao hujifunza upesi ujinga wa wakubwa. Walipita dirishani wakimwita Kaa, kwa kuwa hatoki shimoni.

Mama yake, Telesia, naye hakuwa afadhali kuliko wao. Alimgombeza, akamtishia fimbo, mwishowe akaona aibu, akawa anafunga mlango ili watu wasimwone. Wageni walipouliza, alisema binti ana kikohozi. Kikohozi gani hicho ambacho jirani hakukisikia hata mara moja? Lakini hakuna aliyeuliza zaidi. Walitaka cha kusimulia, na tayari walikuwa nacho.

Siku moja walivuliwa jodari wengi. Iutita akainuka, akatoka nywele zikiwa hazijachanwa, akaenda pwani. Watu walimpisha huku wakigongana viwiko. Mtoto mmoja akasema leo Kaa ana njaa, na Kelesia akacheka hadi akashika mbavu.

Iutita alikwenda moja kwa moja hadi kwa mzee Mativa, mgawaji.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo, "nyumbani kwetu wahesabie wengine tu. Mimi unitoe."

"Kwani unasafiri?"

"Hapana, Babu. Nataka tu nisiwepo. Nisihesabiwe popote."

Miaka yote ya kugawa samaki, Mativa alikuwa amezoea watu wa kumdanganya ili wapate zaidi. Wa kuomba aondolewe hakuwahi kumwona. Akamweka chini samaki aliyekuwa mkononi mwake, akasema mgawo umesimama. Mgawo ambao hausimami hata kwa mvua! Manung'uniko yakazuka.

"Mzee, samaki watanuka," alisema Kelesia. "Huyo anadeka tu."

"Waache wanuke. Mtoto anawaambia hataki kuwepo, wewe unawaza mchuzi. Angevunjika mguu mngegombania kumbeba. Kaumia mahali msipopaona, mnamcheka. Sijui hapa nani mgonjwa zaidi."

Mativa akamshika Iutita mkono, akampeleka zahanati, na Sakaio akatumwa mbio kumwita mama.

Nesi Lusia alikaa na Iutita faraghani, akamuuliza waziwazi kama huwa anafikiria kufa. Iutita akasema ndiyo, wakati mwingine. Nesi hakumpigia kelele wala hakumhubiria. Alimwambia kwamba ana ugonjwa wa huzuni nzito uitwao sonona, kwamba si uvivu, si laana, wala si kosa lake, na kwamba unatibika. Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake. Meli ilipokuja, alisafiri na mama yake hadi mji wa Apia, ng'ambo ya bahari, kuonana na daktari. Walirudi na dawa, na kila wiki mshauri alizungumza naye kwa simu.

Hakupona mara moja. Siku nyingine aliuelekea tena ukuta, na Sakaio akaja kukaa karibu yake, akifunga ndoano zake bila kusema neno. Lakini taratibu chakula kilipata ladha, usingizi ukawa usingizi, na Iutita akarudi darasani.

Kelesia naye akaja na shelisheli moja mkononi, macho yakitangulia ndani kabla ya miguu, akauliza kama binti ameacha kudeka.

"Mwanangu anaumwa sonona, na anatibiwa," alijibu Telesia. "Kama umekuja kukaa naye, karibu. Kama umekuja kuchungulia, umeshaona."

Kelesia akakumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni.

Telesia alifunga mlango, akaketi karibu na binti yake.

"Nilikuficha humu kwa kuogopa midomo ya watu ambao hata siwaheshimu," alisema. "Nusura nikupoteze kwa ajili yao. Giza likikurudia, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Niambie mimi, au nesi, au mwalimu. Asipokusikia, mwambie mwingine. Na ukimwona mwenzako amejifungia ndani, usimtungie jina. Nenda ukakae naye."