Meseji za Benki Zilikuwa Zinaingia kwa Mke Wangu

—Imeimeza.

—Imemeza nini?

—Kadi. Mashine imeimeza kadi yangu.

Mpiga Picha aliweka begi lake chini, akacheka mpaka akashika ukuta wa benki. Tulikuwa ugenini, mimi na yeye, saa tano asubuhi, na ile mashine imetuandikia tu asante kwa kututembelea.

—Babu, si wewe unayewafundisha watu? Kadi moja kwenye pochi, nyingine kwenye soksi!

—Ya kwenye soksi iliisha muda wiki iliyopita.

Alicheka tena. Alikuwa ananiita Babu kwa utani wa mapenzi, na mimi, mtu wa miaka sitini na moja, nilikuwa naupenda utani huo kama mtoto anavyopenda sukari.

Miaka tisa nilikuwa nazunguka nchi za watu na kompyuta mgongoni, natafsiri vijitabu vya maelekezo. Friji, pampu za maji, vyerehani. Shule nimeisoma vipande vipande, lakini mambo ya pesa za ugenini niliyajua kuliko mameneja. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa pesa ya kwenu, kataa, ikukate kwa pesa ya hapo hapo. Usitoe kidogo kidogo, makato yatakumaliza. Wasafiri walikuwa wananizunguka mezani kunisikiliza, na ndivyo Mpiga Picha alivyonipata. Nilimwambia nimeshaachana na mke. Naandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kuna jambo moja sikuwahi kumfundisha mtu. Benki yangu ya nyumbani, kila nikilipa mtandaoni, hutuma namba sita za siri kwenye laini niliyojiandikisha nayo. Laini hiyo haikushika mtandao huku. Basi siku ya kuondoka niliitia kwenye simu ndogo ya vitufe, nikamwachia mke wangu. Ni fundi cherehani, na mimi humwita Fundi tangu uchumba. Nikihitaji namba nampigia, ananisomea.

"Fundi, namba?"

"Nne, moja, moja, tisa, sifuri, sita."

"Asante."

Nakata. Miaka tisa, ndoa yangu ilikuwa hiyo.

Tulipofika nyumba ya wageni, dada wa mapokezi alitutazama miguu mpaka kichwa.

—Funguo ni baada ya malipo.

—Hakuna shida, dada. Namba za kadi ninazo kichwani.

Nikafungua kompyuta juu ya meza yake, nikaandika namba za kadi, nikampigia Fundi. Simu nikaiweka sauti ya nje, kama kawaida yangu, ili mikono ibaki huru kuandika.

—Fundi, namba imeingia?

Nilisikia cherehani chake kinanyamaza.

—Imeingia.

—Nisomee haraka, nipo kwa wateja.

—Wateja gani wanaokaa nyumba ya wageni?

—Umejuaje?

—Imeandikwa hapa, mume wangu. Jina la mahali na kiasi, halafu ndiyo namba. Huandikwa kila mara.

Mpiga Picha aliacha kutafuna pipi.

—Kila mara?

—Ulidhani nasoma namba tu, maneno nayaruka? Subiri, zipo zote, sijafuta hata moja. Hii hapa, tarehe nne ya mwezi wa tatu. "Umewekewa pesa, tawi la sokoni."

—Hiyo ni ya mteja wangu wa pampu.

—Ya mteja wako wa pampu? Hiyo ni ovaloki yangu!

Ovaloki ni ile mashine inayofunga kingo za nguo. Fundi alikuwa nayo moja, alidunduliza miaka minne kuinunua.

—Nilikuomba hela ya bati, mvua inanidondokea kwenye vitambaa vya watu. Ukaniambia wateja hawajakulipa, una siku mbili hujala. Nilijua unadanganya. Lakini nikajiuliza, na kama ni kweli? Mtu wangu afe njaa kwa watu? Nikaiuza, nikakuwekea.

—Fundi...

—Ngoja, nasoma. Tarehe sita. "Umelipa, Duka la Sonara." Ni hereni? Zimempendeza?

Mpiga Picha alipeleka mkono sikioni. Dada wa mapokezi akajifanya anapanga kalamu.

—Mbona hukusema siku zote hizo?

Sauti yake ilishuka.

—Nilingoja useme wewe. Na niliogopa nikisema hutapiga tena. Haya, andika. Saba, sifuri, mbili, mbili, tano, nane. Hiyo ndiyo ya mwisho. Laini naipeleka kwa dada yako.

Akakata yeye.

Sikuandika. Mpiga Picha alivua hereni, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya vitufe vya kompyuta yangu.

—Uliniambia umeachana naye.

—Nilikuwa...

—Nyamaza! Umenivisha mashine ya mwenzangu masikioni! —Akamgeukia dada wa mapokezi. —Nipe chumba cha mtu mmoja, nalipa taslimu.

Akachukua funguo. Kwenye ngazi aligeuka mara moja.

—Nenda kwenu, mzee.

Hakusema Babu.

Hereni niliziuza, hela yake sikuigusa. Tiketi nilimwomba mteja wa pampu anikatie kwa kazi ambayo bado sijaifanya. Siku ya kumi nilikuwa mlangoni kwa Fundi. Juu ya cherehani chake kulikuwa na nailoni imefungwa kwa kamba, na chini yake beseni.

—Hodi.

—Karibu. Kama ni nguo, foleni ni wiki mbili.

—Fundi, ni mimi.

—Najua. Nimekusikia unavyoburuza begi.

Alikuwa anampima kiuno mama mmoja mtu mzima. Hakuinua macho.

—Nimekuja kuomba radhi.

—Ya nini? Taja.

Nilimtazama yule mteja, nikidhani atatolewa nje. Hakutolewa.

—Mama, samahani, kama unaweza kutupisha...

—Mimi? —akasema yule mama. —Nimebanwa na utepe, mwanangu, nitakwenda wapi? Wewe sema tu, mimi hata sisikii.

Basi nikasema. Mwanamke. Vyumba. Njaa ya uongo. Hereni. Kila neno lilitoka kama mwiba unaong'olewa kwa kucha, na yule mama asiyesikia alikuwa anaguna kila nikifika kituo.

—Umesahau maua, —alisema Fundi, pini mdomoni. —Ya tarehe kumi na nane.

—Na maua.

—Kalale kwa dada yako.

Dada yangu alinitupia ile simu ya vitufe kabla sijaketi.

—Chukua laini yako. Mimi si karani wa uchafu wako!

Kesho yake nilikwenda benki kuomba kadi mpya. Binti wa dirishani aliniuliza:

—Meseji ziendelee kuja kwenye laini hii, mzee?

—Hapana. Weka namba ya mke wangu. Ile yake mwenyewe.

—Lakini ataona kila unacholipa.

—Ndiyo maana.

Aliinua nyusi.

—Wanaume wenzako huja hapa kuziondoa.

—Andika, binti yangu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na kadi mkononi na hela ya hereni kwenye akaunti, pamoja na malipo yote ya vijitabu viwili nilivyotafsiri jikoni kwa dada. Nikaingia duka la vyerehani, nikachagua ovaloki. Muuzaji akapitisha malipo mtandaoni, ikataka namba. Nikampigia Fundi.

—Fundi... namba imeingia?

Nikamsikia akisoma polepole, maneno yote.

—"Unalipa, Duka la Vyerehani..."

Nilisikia anavuta pumzi puani.

—Tatu, —akasema. —Nane. Nane. Moja. Sita. Tano.

—Asante.

Sikukata. Na yeye hakukata. Muuzaji alikohoa mara mbili, akaenda kufunga mzigo.

Jioni ile niliketi kwa dada nikiitazama simu kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Ikaingia meseji, haikuwa ya benki.

"Mashine imefika. Kitabu chake cha maelekezo hakieleweki mbele wala nyuma. Aliyekitafsiri aje anisomee mwenyewe. Na begi aje nalo."