Fremu ya Mama Josepha

Haya yalimpata baba yangu mkubwa, Mwalimu Rutashobya, nyumbani kwake Luchelele, kando ya ziwa. Nilisimuliwa na binti yake, Evelina, aliyekuwapo mwanzo hadi mwisho, naye si mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, mwezi wa saba. Evelina alikuwa anafua. Mwalimu alikuwa ameketi barazani, mchoro wa marehemu mkewe ukiwa mapajani. Mama Josepha aliuchora miezi michache kabla ya saratani kummaliza: ua wa nyumba yao, migomba mitatu, na ziwa kwa nyuma. Alimwomba mumewe mara nyingi auwekee fremu, naye kila mara alisema kesho. Sasa misa ya kumwombea ilikuwa imekaribia, na Mwalimu alitaka fremu hiyo aitengeneze kwa mikono yake.

Mbao hakuwa nayo. Akashuka ufukweni, akarudi na ubao mrefu, mweusi, aliouokota katikati ya mawe. Ulikuwa wa ubavuni mwa mtumbwi. Ngosha, fundi mitumbwi, alipouona aliacha kazi yake akamfuata hadi getini. Akamwamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ubao huu uliondoka na mtu. Mtu huyo hajarudi. Urudishe."

Mwalimu alimshukuru, akaingia ndani. Alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini.

Akaupiga randa mpaka weusi wote ukatoka. Akapima mchoro, akakata vipande vinne, ncha zake zikiwa za mshazari ili zikutane sawasawa kwenye kona. Akapaka gundi, akapigilia misumari, akaifunga fremu nzima kwa kamba na kuianika juani. Jioni gundi ilikuwa bado mbichi. Siku ya tatu pia. Evelina aligusa kona moja, kidole kikarudi kimelowa. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mbao.

Hata hivyo Mwalimu alipachika mchoro, akautundika sebuleni. Siku hiyo alitabasamu. Evelina hakuwa ameona tabasamu hilo tangu mazishi.

Kesho yake mchana, wakiwa mezani, ukuta wenye mchoro uligongwa mara tatu. Evelina akatoka kutazama. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na tuta la mchicha, udongo wake umetoka kumwagiliwa. Haukuwa na alama hata moja ya mguu. Aliporudi ndani aliona mstari wa unyevu ukutani, umenyooka kama umepigwa rula, kimo cha kifundo cha mguu.

Siku ya pili mstari ulikuwa kimo cha goti. Siku ya tatu, kiuno. Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kukohoa. Alikohoa maji. Maji yenye mchanga. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakasema mapafu hayana kitu. Waliporudi nyumbani, mstari ulikuwa umefika kifuani.

Evelina alimkimbilia Ngosha. Ngosha hakushangaa. Alimwambia fremu irudi ziwani kabla maji hayajafika mdomoni kwa mzee. Evelina akarudi, akachukua bisibisi, akajaribu kuutoa mchoro kwanza. Gundi iliyokataa kukauka sasa ilikuwa ngumu kama jiwe. Kitambaa cha mchoro kikaanza kuchanika.

"Acha," baba yake alinong'ona. "Usimchane mama yako."

"Baba, unazama."

"Najua."

Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kochi. Saa sita mchana. Jua linawaka.

Evelina alilia. Kisha akabeba vyote viwili, fremu na mchoro, akashuka navyo. Ngosha akampeleka kwa mtumbwi hadi kwenye kina. Evelina akaiweka fremu juu ya maji. Haikuelea. Ilisimama wima. Ikashuka polepole, kama inapokelewa.

Nyumbani alimkuta baba yake amelala, anahema vizuri. Kwa siku tatu Mwalimu hakumsemesha binti yake.

Siku ya nne, asubuhi, Evelina alifungua mlango wa mbele. Kizingitini palikuwa na mchoro, hauna fremu, umeviringishwa vizuri, mkavu. Rangi zilikuwa vilevile. Hata pale ulipoanza kuchanika hapakuwa na mchaniko. Mwalimu aliukumbatia kwa muda mrefu. Halafu akaugeuza.

Nyuma palikuwa na vipimo, vimeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko ambao hakuna aliyeutambua. Mimi mwenyewe nimeusoma. Urefu, futi sita. Upana, futi mbili. Na chini yake, mbao zinazohitajika: mbavu mbili, kitako, mfuniko.