Upande Wenye Nati

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa asubuhi ile kiasi cha watu kupumuliana shingoni, na dobi aliingia akiwa na hasira tayari. Alivaa gauni la bluu lililopauka kwa kufuliwa, buti za mpira, na kilemba alichokifunga mbiombio mpaka kikaangukia sikio la kushoto. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alitaka misumari ya inchi nne, na mwenye duka alihudumia watu taratibu kama vile hapa duniani hakuna mtu mwenye haraka.

"Misumari mirefu hivyo, unajenga nini?" aliuliza mwanaume aliyesimama nyuma yake. Alikuwa mrefu, ovaroli ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, mikono inanuka grisi.

"Sijengi. Nataka kumpigilia mtu."

"Nani huyo mwenye bahati?"

"Jirani yangu wa nyuma. Tumepakana uani. Uzio wake wa mbao umeinamia kwangu mpaka unagusa kamba zangu za kuanikia. Mashuka ya watu, meupe, yanatoka na mistari ya ukungu. Mwaka mzima sasa. Mtu mzima na akili zake anashindwa kusimamisha mbao."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie vipi? Mlango wake uko mtaa wa pili, hata sura yake siijui. Namsikia tu. Kila asubuhi anapiga mluzi, wimbo uleule, na kila siku anaukosea palepale."

Mwanaume akatazama dari, akatazama ndoo za rangi, akakuna kidevu. Kisha, polepole, akapiga mluzi. Wimbo ulikwenda vizuri hadi katikati, halafu ukakosewa palepale.

Dobi akageuka mzima mzima. "Ni wewe."

"Ni mimi. Naomba tu usiitumie yote."

Foleni nzima ikacheka. Dobi hakucheka, ila alifanya kosa la kumtazama usoni kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumtazama adui.

Mwanaume alikuwa fundi wa lifti kwenye jengo refu la maofisi katikati ya mji. Jioni ileile aliutia uzio magogo mawili ya kuuegemeza, akaahidi kuja kuutengeneza vizuri. Hakuutengeneza. Siku aliyokuja kupima, ubao mmoja ulichomoka mkononi mwake, na kupitia pengo lile wakaanza kupeana vikombe vya chai. Nani tena angekuwa na haraka ya kuziba?

"Dobi wangu, leo umevaa nini? Pengo hili linanionyesha mkono tu."

"Mkono unakutosha. Fundi mzima wa lifti, unashindwa kupanda uone?"

"Nikipanda nitaanguka na uzio wangu, nikuangukie wewe."

"Hayo si ndiyo unayoyataka?"

Miezi mitano ikapita hivyo. Fundi alimwomba amuoe mara tatu, na mara zote tatu dobi alijibu, "Nitakuambia." Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka pasi ilimuunguza mkono akiwaza mluzi uliokosewa. Tatizo lilikuwa mama yake, aliyekaa naye, mama mwenye goti bovu na ulimi mzima. Dobi alikuwa amempiga marufuku kufanya kazi yoyote ya uani: asibebe beseni, asianike hata kitambaa. Na mama alishasema wazi kwamba yeye kwenda kuishi kwa mkwe, hilo halipo.

"Siwezi kumwacha," dobi alimwambia fundi mara ya tatu.

"Nani kasema umwache? Nyumba mbili zimepakana mgongo kwa mgongo. Siku utakayosema ndiyo, huu uzio naung'oa wote. Ua unakuwa mmoja. Mama anabaki chumbani kwake, wewe unavuka tu kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni."

"Utaung'oa kweli?"

"Mpaka msumari wa mwisho."

Maneno hayo dobi aliyaweka moyoni akayatafuna wiki mbili. Alhamisi asubuhi akaamua. Alipiga pasi gauni la njano ambalo hakuwahi kulivaa tangu alishone, akalitundika nyuma ya mlango, kisha akabeba mashuka kuyapeleka nyumba ya wageni. Jioni angepeleka kikombe cha chai penye pengo na neno moja tu.

Aliporudi alasiri na vikapu vitupu, akaenda uani moja kwa moja. Akasimama.

Uzio ulikuwa umenyooka, wima kabisa, kana kwamba haujawahi kuinama tangu siku ya kwanza. Upande wake, kila baada ya hatua tatu, ilisimama nguzo ya chuma, na chini ya kila nguzo kulikuwa na zege bichi lililosawazishwa kwa mwiko. Mbao za kulala, zile zinazoshika mbao zilizosimama, zote zilimwelekea yeye. Upande mzuri, laini, ulikuwa kwa fundi. Na pengo lilikuwa limezibwa.

Akampigia fundi, na simu ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Umefanya nini?" dobi aliuliza.

"Umeona? Umenyooka." Sauti ya fundi ilikuwa imechoka, lakini ya furaha. "Nisamehe kitu kimoja tu, imebidi wewe nikupe mgongo."

"Unasema?"

"Nimekupa mgongo. Uso umebaki kwangu. Lakini ukiangalia vizuri—"

Dobi akakata. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mtu aliyesema atang'oa mpaka msumari wa mwisho ametia chuma na zege. Mwanaume mwingine akitaka kumwacha mwanamke huandika barua, mwingine huhama mji kimyakimya. Huyu amechimba mashimo.

Ndani, mama alikuwa kitandani, shuka limemfika kidevuni.

"Mama, huyu mtu alikuja saa ngapi?"

"Mtu gani? Mimi nilikuwa nimelala."

"Anachanganya zege uani, wewe umelala?"

"Usingizi wa uzee, mwanangu, hauna macho."

Siku tatu fundi alipiga simu. Jina lake kwenye simu ya dobi, ambalo lilikuwa "Fundi wangu", lilibadilishwa likawa "Usipokee". Gauni la njano lilirudi sandukuni. Dobi alifua kwa hasira mpaka mashuka ya watu yakaanza kuchanika pindo. Jumatatu adhuhuri ukaja ujumbe: *Punguza hasira. Kaangalie nati zako kwanza.*

Akausoma mara mbili. Nati zake. Yaani amempa mgongo, kisha anamwambia nati za kichwani zimelegea.

Alifika kwenye jengo la maofisi akiwa bado na aproni. Kwenye lifti palitundikwa kibao cha matengenezo, kwa hiyo akapanda ngazi, ghorofa sita, na kila ghorofa ilimwongezea hasira. Milango ya lifti ya ghorofa ya sita ilikuwa wazi. Fundi alikuwa amesimama juu ya paa la lifti lililoishia katikati ya ghorofa, kichwa na mabega tu ndivyo vilivyoonekana juu ya sakafu. Watu wanne wenye mafaili walikuwa wakisubiri.

"Nani mwenye nati zilizolegea?" dobi aliuliza.

Fundi akainua uso. Ulikuwa na grisi, na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Hukuangalia."

"Niangalie nini? Nimeona chuma. Nimeona zege. Ulisema utaung'oa."

"Nilisema siku utakayosema ndiyo. Umesema?"

"Nilikuwa niseme Alhamisi."

"Mimi ningejuaje Alhamisi? Miezi mitano unaniambia utaniambia. Mwanamke, mimi ni binadamu, siyo beseni la kuloweka nguo." Sasa na yeye alikuwa amekasirika, na sauti ilipanda na kushuka kwenye shimo lile la lifti. "Nimekupigia mara arobaini. Hupokei. Unakuja kunitukana kazini mbele ya watu."

"Basi niambie mbele yao. Kwa nini uliutengeneza siku ile, nisipokuwepo, bila kunipa hata neno?"

"Hilo siwezi. Niliapa."

"Ulimwapia nani?"

Fundi akainamia kamba za chuma za lifti.

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke," alisema fundi, kwa kuwa hakujua kudanganya. Mwenye faili la kijani alivuta pumzi.

Dobi hakulia pale. Alikwenda mpaka ngazi za ghorofa ya tatu ndipo akalia, akajifuta kwa aproni, akashuka. Nyuma yake sauti ya fundi ilikuwa bado inapaa: "Kaangalie nati, mpenzi. Nenda ukaangalie zimekaa upande gani."

Alirudi nyumbani kabla ya saa yake ya kawaida, na kwa sababu hiyo akamkuta mama yake uani. Mama mwenye goti bovu alikuwa amesimama kwenye kamba, vibanio vinne mdomoni, anaanika foronya. Safu nzima ilikuwa tayari imeanikwa, tena vizuri.

Wakatazamana. Mama akatoa vibanio mdomoni kimoja kimoja.

"Umeanza lini, mama?"

"Kila ukitoka."

"Kila nikitoka? Si nilikukataza?"

"Ulinikataza. Ukanifanya nikae kitandani natazama ukuta kama mgonjwa. Mimi nilikulea kwa mikono hii, leo nishindwe na foronya?" Mama naye alikuwa na hasira zake, za siku nyingi. "Tena unisikilize mpaka mwisho. Alhamisi upepo ulikuja, lile gogo likateleza, na uzio wote ukalala. Uzio ulinikosa kidogo tu hapa." Akaonyesha bega lake. "Mbao ilichukua kamba, ikachukua na kilemba changu. Nilipiga kelele, yule kijana akaruka. Hakwenda kazini siku hiyo, akachimba, akamwaga zege, jasho linamtoka. Akasema hawezi kuondoka uzio ukiwa vile, na mimi niko chini yake."

Dobi alishika kamba. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie unifungie mlango kabisa? Nilimwapisha. Nikamwambia, ukimwambia mwanangu kwamba nilikuwa uani, hapa hukanyagi. Akaapa."

Basi huyo ndiye mwanamke. Dobi alitaka kumgombeza mama yake kutwa nzima, alikuwa na maneno yake yote tayari, lakini macho yalibaki kwenye bega lile.

"Siku tatu nalia, mama. Unaniangalia tu."

"Nilidhani ni ugomvi wenu wenyewe." Mama akaangalia chini. "Na kuna kitu alinipa nikupe. Nimekisahau, si unajua."

Akautungua mfuko wa vibanio kwenye kamba. Kilichoufanya usipeperuke ni spana moja, mpya, imefungwa kitambaa cheupe.

Dobi akausogelea uzio kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kila mbao ya kulala ilishikwa kwenye nguzo kwa bolti. Hakuna kilichochomelewa, hakuna msumari. Vichwa vya bolti vilikuwa kwa fundi, laini, mviringo, visivyoshikika kwa chombo chochote. Nati zote zilikuwa huku. Zilikuwa zimepakwa grisi ili zisishike kutu. Kwenye kila kipande cha uzio kulikuwa na nati nne tu, na hakuna mtu ambaye angeweza kuzifungua isipokuwa aliyesimama upande wa mgongo.

Hapo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya uzio. Nimetoka kazini." Alisikika mara mbili, kwenye simu na kwenye mbao. "Umeangalia?"

"Usinisemeshe. Bado nina hasira."

"Sawa."

Akaweka simu kwenye mfuko wa aproni bila kuikata, akashika spana. Nati ya kwanza ilikuwa ngumu, akaizungusha kwa mikono miwili.

"Hii ni ya kuapa siri na mama yangu."

"Sawa," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Hii ni ya mgongo. Mtu hamwambii mwanamke kwenye simu kwamba nimekupa mgongo, hata kama ni uzio. Unasikia?"

"Nasikia."

Nati ya tatu ilikuwa chini, ikabidi apige magoti kwenye udongo. Aliifungua bila kusema kitu, kwa sababu hiyo ilikuwa ya miezi mitano ya "Nitakuambia", nayo ilikuwa yake mwenyewe. Mama alikuwa ameketi juu ya beseni, foronya mapajani, wala hakujifanya amelala.

Nati ya nne dobi aliilegeza, akaiacha kwenye uzi wa mwisho wa bolti.

"Mimi huku nikiitoa, hiki kipande kitakuangukia," alisema. "Ni kizito. Umekishika?"

Akasikia viganja vikilala kwenye mbao, upande laini, usawa wa kifua chake.

"Nimekishika."

"Vizuri. Maana hakirudi tena."

Akaitoa.