Mama Alilala Kwenye Jeneza la Filamu, Baba Akamlilia

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, Mkongomani, naishi na mama yangu New Congo, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Shule niliachia sekondari ya pili. Wasomaji wenzangu, nawaandikia bila machozi... yalikwisha, sijui yalikwenda wapi.

Nilikuwa mtu wa kucheka. Lakini nilichopenda kuandika ni hadithi za kutisha! Wafu wanaobisha hodi, bibi harusi asiye na kivuli... Nilizituma kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wakaniita Mama Mizimu. Hata baba alizisikia, huko kambini Tanzania. Tulipotezana naye tulipokimbia vita Fizi, kwetu Congo, na mwaka jana tu mchungaji mmoja ndiye aliyetuunganisha. Baba hakuwa na simu, aliongea kwa simu ya mchungaji. Aliahidi kuja kwetu akishavuna mahindi. Mama akashona kitenge kipya!

Wakati huo nikakutana na Brian, mpiga video wa harusi kutoka Kamukuzi, mjini Mbarara. Akasema hadithi zangu ni filamu, na mimi ndiye niwe dairekta. Mimi!

Filamu yenyewe ilihitaji marehemu. Wamama wa jirani walikataa kulala ndani ya jeneza, wakasema ni kuita kifo. Mama akakubali kwa ajili yangu. Wenzake wakaja kulia kama matanga ya kweli, wakiimba na kumtaja jina. Mama akachungulia: "Mwanangu, mu hii sanduku muko joto! Fanya mbio, bugali yangu inaungua!" Tulicheka mpaka kamera ikatikisika.

Brian alirudi Mbarara kuunganisha picha. Bila kuniuliza, akatangaza filamu mtandaoni kwa picha ya mama jenezani, na jina la mama, na maneno "Mazishi ya kweli Nakivale". Nilipompigia nikilia, akajibu, "Wewe, tulia! Watu wanapenda kitu ya kweli. Hii itauza sana."

Picha ilisambaa kwa Wakongomani wa kila kambi... ikamfikia baba. Waumini wenzake wakakaa naye matanga ya mama. Akanyoa nywele.

Mchungaji aliponiambia, nilimpa mama simu. Baba aliposikia sauti yake, akaangusha simu chini! Nikatuma video, mama amesimama mbele ya nyumba yetu, anamwita. Baba akaitazama, kisha akaniambia polepole: "Mwanangu, weye unajua kutembeza batu ba kufa mu simu. Batu bote banajua. Usinichezee na mama yako. Nimeshamulilia."

Kazi niliyojivunia ndiyo iliyomfanya asiniamini!

Tukaomba kibali mama asafiri, asimame mbele yake. Kabla hakijatoka, mchungaji akapiga: baba ameondoka, hakuaga. Wengine wanasema alirudi Congo. Fasi gani, upande upi? Hakuna anayejua...

Filamu ilionyeshwa Mbarara. Watu walipiga mayowe, wakanipongeza. Niliwapa mkono mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia msibani.

Mama hanilaumu. Analima, anapika. Wageni wakimuuliza kama ana mume, hajui aseme ni mjane au la.

Wadogo zangu mnaoota filamu, msiache sura ya mtu wenu mikononi mwa mtu anayetafuta sifa. Sisi wakimbizi tunajuana kwa simu za kuazima, na habari ya kifo huaminiwa haraka kuliko nyingine zote. Nawasihi, kabla hamjamzika mtu kwa mchezo, ulizeni kwanza ni nani, huko mbali, anaishi kwa kujua tu kwamba mtu huyo yuko hai.