Kichwa cha Kaisari Valgio

Asubuhi hiyo Tertula alikuwa akikoroga uji wa ngano. Mumewe, Rufo, mchonga sanamu, alikuwa bado anagongagonga patasi.

"Njoo ule, uji unapoa," Tertula alisema. "Huyo Kaisari wako hana njaa."

"Nimalizie kidole kimoja tu, mke wangu."

Katikati ya karakana alisimama Kaisari Valgio wa marumaru. Rufo alikuwa amemchonga kwa miezi saba, kichwa na mwili katika jiwe moja. Akiba yao yote iliishia kwenye jiwe hilo.

Zamani Roma nzima ilimpenda Valgio. Alikuwa mtoto wa muuza nyumbu, akapanda cheo jeshini, akaingia ikulu huku akigawa mikate. Kisha madaraka yakamlevya. Alijiita mungu, akawanyima askari mishahara, na aliyemcheka hakuonekana tena.

Ghafla makelele yakalipuka barabarani.

"Kaanguka! Valgio kaanguka! Askari wake wenyewe wamemmaliza!"

Tertula aliruka kwa furaha. Kisha akaitazama ile sanamu, na furaha ikamtoka. Umati ulikuwa unakuja na kamba, ukiburuta kila sanamu ya Valgio kwenda kuitupa mtoni.

Rufo alinyakua nyundo kubwa. "Naivunjavunja! Wakiikuta, watasema sisi ni watu wake!"

"Weka chini hiyo nyundo!"

Aliyeingia mbio alikuwa jirani yao Kaliste, mjane wa Kigiriki aliyechonga mawe miaka thelathini.

"Una wazimu, Rufo? Wanao utawalisha kokoto?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Watu wanachukia sura yake. Nani anachukia magoti? Chonga mfereji kuzunguka shingo, halafu piga kwa upande, mara moja tu. Kichwa kitaachia chenyewe."

Rufo alichonga upande mmoja, Kaliste mwingine. Tertula alitandika majani makavu chini. Mlango ulianza kutikisika.

"Tutoleeni Valgio!"

"Piga!" Kaliste alisema.

Rufo akapiga. Kichwa kikaanguka kwenye majani. Tertula akakivingirisha hadi mlangoni, akafungua.

"Huyu hapa! Kamwogesheni!"

Watu waliangua kicheko, wakakipiga mateke kuelekea mtoni. Hakuna aliyeuliza habari za mwili.

Kesho yake Kaliste alimwonyesha Rufo jinsi ya kutoboa tundu katikati ya mabega.

"Kichwa kipya ukichonge peke yake, kiwe na kigingi chini. Kikae humu. Makaisari hubadilika, Rufo. Mabega ni yale yale."

"Na mimi nilijivunia jiwe moja!" Rufo alisema, akicheka kwa aibu.

Baada ya mwezi mmoja sanamu ilisimama njia panda, ikiwa na uso wa Kaisari mpya. Wazee wa mtaa waliipenda, wakaagiza nyingine mbili. Tangu hapo Rufo alichonga miili mbali, vichwa mbali.

Miezi tisa ikapita. Siku moja Tertula alikuwa anakanda unga aliposikia makelele yale yale. Hakusubiri kuambiwa. Alibeba ngazi, akakimbia na Rufo hadi njia panda. Walipanda, wakang'oa kichwa, wakakishusha mbele ya umati.

"Mchukueni!" Tertula alisema, unga bado mikononi. "Kamba zenu hazina kazi hapa."

Umati ukaondoka nacho ukiimba. Mwili ulibaki umesimama, haujapata hata mkwaruzo.

Kaliste alifika akihema, patasi mkononi.

"Haya, niambieni upesi," alisema. "Huyo mpya ana pua ya namna gani?"