Nyanzala Aacha Kuchoma Majani

Mwaka ule wa 1996, kila asubuhi Nyanzala alifagia uwanja wake pale mtaa wa Shanwe mpaka ukang'aa. Kisha alikusanya majani na samadi kavu ya ng'ombe wao wawili, akachoma. Kwao Usukumani mwanamke safi hujulikana kwa uwanja wake, na Nyanzala hakutaka kusemwa.

Lakini bustani yake ilikuwa hoi. Mchicha ulitoka mwembamba, ukanyauka mapema. Udongo ulikuwa mgumu hata jembe liliruka.

"Mvua zijazo zikipita bila mboga, najenga chumba hapo," alisema Lyamba, mumewe. "Cha kupangisha."

Roho ilimuuma Nyanzala. Tangu wahamie mjini, bustani ile ndiyo ilikuwa shamba lake pekee.

Siku moja jirani yao Dafrosa, ambaye alikuwa bibi shamba, alipita akikohoa kwa moshi.

"Mama Malale, mbona unachoma chakula cha bustani?"

"Chakula gani, dada? Hizi si takataka?"

"Wala! Majani yakikua yanavuta hewa ya ukaa kutoka angani. Hewa hiyo ikizidi, dunia inapata joto na mvua zinavurugika. Ukiyachoma, hewa yote inarudi juu. Ukiyaozesha na kuyachanganya na udongo, sehemu yake inabaki chini, na udongo unashika maji."

"Yaani uwanja wangu huu mdogo unasaidia anga?"

"Kidogo kidogo. Wako, wangu, mpaka mji mzima."

Nyanzala alicheka kwa furaha, akamwagia moto maji palepale. Walichimba shimo, wakapanga majani na samadi kwa matabaka, wakanyunyiza maji, wakafunika. Majirani walimcheka eti anafuga takataka. Aliona aibu, lakini alikaza uzi, akawa anageuza lundo lake mara kwa mara.

Mbolea iliiva, nyeusi na laini. Mvua zilipoanza aliichanganya kwenye matuta. He, mchicha huo! Majani mapana kama viganja vya Lyamba! Pembeni akapanda mparachichi, maana Dafrosa alimwambia mti hushika hewa ya ukaa kwa miaka mingi.

Lyamba alikula mboga, akanawa, akaenda kulala. Kesho yake alichelewa kurudi. Nyanzala alikaa roho juu. Amekwenda kuagiza matofali ya kile chumba, au? Mara baiskeli ikaingia uwanjani, nyuma gunia limetuna. Nyanzala alilifungua haraka. Majani matupu!

"Watu wa mtaa wa pili walitaka kuyachoma," alisema Lyamba akihema. "Nimewanyang'anya. Haya, mama Malale, shimo la pili tunachimba wapi?"